Kanada Juu ya Sinia la Maandazi

Sala ya alasiri imemalizika, na katika chumba cha Bi Masouda binti Harub, kichochoroni nyuma ya soko la Matrah, jirani na Maskati, wasichana saba wamelizunguka sinia la unga. Mmoja analibonyeza donge liwe bonde. Mwingine anachomeka karafuu. Hiyo ndiyo misitu. Uzi wa buluu ni mto, ambao wakati wa baridi huganda mpaka farasi akapita juu yake.

Hiyo ni Kanada. Si Kanada nzima, hapana. Ni kata moja tu ya mashamba ya viazi huko New Brunswick, yenye daraja la mbao lililoezekwa paa na watu wachache kuliko wanaosali Ijumaa hapa Matrah.

Bi Masouda alikuwa mwalimu Unguja. Mwaka 1964 alikuja Omani na watoto wawili na sinia hilo. Nyumba yake ilibaki na wengine. Asubuhi huuza maandazi. Jioni hufundisha bila mshahara, kwani mwaka huu wa 1969 Maskati haina skuli ya wasichana hata moja, na jambo hilo linamkera kupita kiasi.

"Nnafundisha kwa sababu nnaweza," anasema. "Ningekaa kimya ningepasuka."

Mbona Kanada? Alipokuwa akisomea ualimu, mwalimu wake wa jiografia alikuwa mama wa Kikanada, aliyewafundisha kwa kata yake ya nyumbani: mto, udongo, nani alikuja, nani akafukuzwa. Alishikilia kuwa mtu akikijua kijiji kimoja mpaka ndani, pengine pote atapasoma mwenyewe.

Mwenye nyumba, Sheikh Marhoon, alishakataza kuwekwa skuli humu. Kwa hiyo hodi ikipigwa, Bi Masouda hung'oa karafuu, akakanda bonde na mto na mashamba, akakata maandazi. Skuli gani? Hapa pana unga tu. Matrah nzima imekula Kanada kwa chai ya maziwa, wala hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyopita jirani akachungulia. Katikati ya sinia akaona kijumba chenye punje ya iliki juu yake: kanisa. Akaenda kumwambia Sheikh kuwa watoto wa Kiislamu wanafundishwa Ukristo.

Leo Sheikh Marhoon anakuja mwenyewe. Hodi inapigwa, wasichana wanazikimbilia karafuu. Bi Masouda anawazuia. Safari hii hakikandwi kitu.

Sheikh si mtu mbaya. Naye alizaliwa Unguja, na kodi haidai kwa ukali. Anasimama mlangoni, analitazama sinia, kisha anatoa sharti lake: kanisa liondoke, darasa libaki, ama sivyo, Bi Masouda ahame mwisho wa mwezi.

Ni kijiiliki kimoja tu. Mwandishi wa habari hizi, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama, kwa woga wake alitamani aking'oe yaishe.

"Sheikh, watu wa kata hii walikuwa Wafaransa," Bi Masouda anamjibu. "Mwingereza aliwachomea nyumba, akawafukuza. Waliorudi walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Wakapanda na mto mpaka hapa, wakafyeka msitu, wakajenga. Hili ndilo walilojenga. Nikiling'oa nitakuwa nnawadanganya watoto. Na wewe wajua ilivyo mtu kufutwa alikotoka."

Sheikh Marhoon anatazama chini kidogo. Anasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi, anaaga, anaondoka.

Nasriya, mkubwa wa wasichana, anauliza watasomea wapi sasa. Bi Masouda anamwambia kuwa masomo hayakuwa ukutani. Sinia linabebeka, kuna ua wa nyumba ya kina Muhsina, mwenzao, na ua ukikataa kuna ufuko.

Kuna jambo ambalo wasichana wamekuwa wakimwomba tangu darasa lilipoanza: awatengenezee Unguja. Kila mara alitafuta kisingizio. Mara unga ni mchache, mara karafuu hazitoshi. Ukweli ni kwamba iliuma, na hakutaka walione chozi lake.

Sasa anaikanda Kanada mwenyewe, taratibu, kisha analifuta sinia mpaka linang'aa.

"Kesho njooni na karafuu nyingi," anawaambia. "Tutaiweka Unguja. Misikiti, makanisa, makaburi, na nyumba yangu pamoja na aliyemo ndani yake sasa. Na mtu akibisha hodi, mlango uwe wazi."