Siku Nilipomkataza Mama wa Watu Kucheza Voliboli

Kuna watu wa Kajiado mjini ambao hadi leo wakiniona hawaniiti mwalimu wala hawanitaji kwa jina langu la Musyoka, wananiita Mwaitu, na kwa kuwa mimi ni mwanamume mwenye kipara na tumbo la heshima, wageni hushangaa, maana neno hilo kwa Kikamba ni "mama yangu". Wakiniuliza limetoka wapi huwa nacheka na kubadilisha mazungumzo. Leo sitabadilisha. Ni aibu ambayo nimeibeba miaka mingi na naona imekomaa vya kutosha kuwekwa mezani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa ya serikali nje kidogo ya Kitengela, na kwa sababu nilikuwa mgeni kuliko walimu wote nikapewa voliboli ya wasichana (ndivyo makocha wa shule za serikali wanavyopatikana: anayefika mwisho hupewa mchezo ambao wenzake wameukimbia). Nilikuwa na shahada ya isimu na kitabu kimoja cha sheria za voliboli kilichokosa kurasa za katikati. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu ya jikoni, wavu tuliuziba kwa kamba za magunia, na mpira wetu mmoja ulikuwa umeshonwa na fundi viatu wa pale stejini mara nyingi hata ukawa na mgongo, ukipigwa haujulikani utaelekea wapi. Wasichana wangu waliujua vizuri mpira ule. Wakipewa mpira mzima waliuona rahisi, kama mtu aliyezoea kuendesha punda akapewa baiskeli.

Timu yenyewe ilichaguliwa na umbali wa kutembea. Simaanishi mzaha. Wengine walikuwa watoto wa Wakamba waliofuata kazi za viwandani Athi River, wengine wa Wamaasai waliokuwa na ng'ombe nyuma ya shule, na kama ulikuwa mrefu lakini unaishi mbali, hatukukupata. Nahodha alikuwa Naserian, wa kidato cha nne, mtulivu, mkubwa kidogo kuliko wenzake kwa sababu alikuwa amekosa shule muda fulani, jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Kazi yake ilikuwa kuinua mpira ili wengine waupige, na aliinua mpira ule wenye mgongo kama anayeweka kikombe cha chai mbele ya mgeni.

Mwaka huo tukafika fainali ya wilaya. Shule yetu haikuwa imewahi kufika hapo. Mshindi angekwenda mashindano ya mkoa, na kwa Naserian huo ulikuwa mwaka wa mwisho, akikosa basi amekosa. Tuliopangiwa nao walikuwa akademia moja ya watu binafsi, sitaitaja, yenye uwanja wa saruji, maziwa asubuhi, na mtu aliyelipwa kuzunguka nchi akitafuta wasichana warefu wa kusomeshwa bure. Sisi tulichagua kutoka mtaani, wao walichagua kutoka Kenya. Hilo lilinichoma, na bado linanichoma, na sitaki mkasa huu uwafanye mdhani nimebadilisha mawazo. Nilichokosea ni mahali pa kuitafutia haki.

Tulifika Kajiado kwa lori la mchanga, nyuma, tukishikilia vyuma, na tuliposhuka sote tulikuwa rangi moja. Akademia walikuwa wameshafika na basi lao jipya. Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: badala ya kukaa na timu yangu wakipasha misuli, niliamua kupita nyuma ya basi lile nione tu lina viti vya aina gani. Ni wivu, sina jina lingine.

Nyuma ya basi, kivulini, alikuwapo mchezaji wao namba tisa, yule aliyeogopwa wilaya nzima kwa kupiga mpira chini kama anayeua nyoka. Mara kasichana ka kama miaka mitatu kakatoka mbio kwa bibi mmoja mwenye kiondo, kakamkumbatia namba tisa miguuni, kakalia, "Mama! Mama!" Naye namba tisa akakainua, akakafunga mgongoni kwa leso, fundo moja tu, bila hata kuangalia. Bibi akacheka, akasema, "Haya, sasa umepata mama, mimi niache nipumzike."

Nilisimama palepale. Mamluki! Kwa wasiojua, mamluki katika michezo ya shule ni mchezaji wa kukodi, mtu mzima ambaye hajaketi darasani, anavalishwa sketi siku ya mechi. Nikajiambia, Musyoka, Mungu amekuleta nyuma ya basi hili kwa sababu.

Sasa, malalamiko yana utaratibu wake. Unaandika, unampa katibu wa michezo, anaita makocha pembeni. Mimi nilimkuta katibu, mzee mpole wa makamo aliyeitwa Parsaloi, amesimama mbele ya umati akijaribu kipaza sauti, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikakichukua mkononi mwake. (Nilisoma chuo kikuu. Nilikuwa nimewahi kuongoza mdahalo. Nilidhani najua kutumia kipaza sauti.)

"Wazazi, walimu na wanafunzi," nikasema, na sauti yangu ikaenda hadi barabara ya Namanga ikarudi. "Sisi wa shule za serikali tumechoka! Namba tisa wa hawa si mwanafunzi. Ni mama wa mtoto, nimemwona kwa macho yangu. Mwanamke aliyezaa si mwanafunzi! Hawezi kushindana na watoto!"

Umati ukalipuka. Upande wetu walishangilia, upande wa akademia wakanizomea. Kocha wao akaja akipunga fomu na vyeti, Parsaloi akavitazama kimoja kimoja. "Mwikali, kidato cha tatu," akasoma. "Miaka kumi na saba. Karatasi ziko sawa, mwalimu."

"Karatasi zinaandikwa na watu," nikasema. Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi. Bado kilikuwa wazi.

Ndipo yule bibi mwenye kiondo akaja, polepole, watu wakimpisha. Akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Machakos, susu," nikajibu. Susu ni nyanya, na kwa lafudhi yake nilijua ni wa kwetu.

"Nikajua. Umeoa?"

"Ndiyo."

"Uko na msichana?"

"Niko naye mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Kalondu."

"Kalondu ni jina la nani?"

Hapo nikaanza kuona anakonipeleka. "La mama yangu," nikasema.

"Na wewe ukitoka kazini ukimpata mlangoni, humwita nani?"

Nikakitazama kipaza sauti. Umati wote ukasogea karibu, ukitaka kusikia.

"Sema, kijana yangu. Hicho kitu kinasikika mbali."

"Mwaitu," nikasema, na kile kipaza sauti kikalichukua lile neno kikalitangaza Kajiado nzima.

"Eee! Anamwita mama yake," bibi akawageukia watu, "na ni kachanga ka juzi! Sasa huyu namba tisa amepewa jina langu. Mwikali ni mimi. Kijana yangu, baba yake, anamwita mama tangu azaliwe, na huyu mdogo wake amesikia mama, mama, naye anasema mama. Wewe ni Mkamba wa namna gani? Ama ulisoma mpaka ukasahau?"

Kicheko kilichotokea sijawahi kukisikia tena. Wakamba walishikana mabega. Wamaasai wakatafsiriwa, wakacheka nyuma kidogo, kicheko cha pili juu ya cha kwanza. Hata refa aliketi.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha, akarudisha kipaza sauti, akaketi. Mimi nikajaribu kuokoa heshima. "Sawa, nimekosea mtu," nikasema, "lakini hoja yangu iko palepale. Aliyezaa arudi nyumbani alee, awaachie wanafunzi uwanja."

Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa Naserian. Alikuwa amevua jezi yetu, amebaki na fulana, na jezi ameikunja vizuri kama nguo inayorudishwa kwa mwenyewe.

"Basi chukua, mwalimu," akasema. "Mimi niko na mtoto. Ako kwa yeyo, kwa mama yangu, nyumbani. Atafikisha miaka mbili mwezi ujao. Mwalimu mkuu anajua, ndiye alinirudisha shule. Nilidhani hata wewe unajua."

Sikujua. Siku zote zile alipochelewa mazoezi nikamzungusha uwanja kama adhabu, sikujua. Na aliyasema hayo wazi, mbele ya watu wasiomhusu, kwa sababu mimi nilikuwa nimemlazimisha. Hakulia. Aliinyoosha mikono yenye jezi akaningoja nipokee.

Mimi ndiye niliyetaka kulia. Nilizima kipaza sauti (sasa!) nikamwambia, "Vaa, Naserian. Nimesema ujinga. Nisamehe." Hakuvaa. Akamtazama Parsaloi.

Mzee wa watu akavaa miwani, akafungua kitabu cha kanuni, nacho chake kilikuwa na kurasa zote. Akasoma taratibu huku kidole kikifuata mstari: awe amesajiliwa shuleni, awe anahudhuria masomo, umri usizidi hapa. Akauangalia mwaka wa kuzaliwa wa Naserian, akahesabu kwa vidole. "Umri uko sawa. Mambo ya kuzaa hakuna hapa," akasema. "Labda akademia wako na malalamiko?"

Kocha wao akajikuna kidevu. Niliona anavyopima. Bila Naserian sisi tulikuwa wasichana sita warefu kwa bahati tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimempa maneno ya kutumia, tena kwa sauti kubwa. Akafungua mdomo, lakini aliyezungumza alikuwa Mwikali, bado ana mdogo wake mgongoni.

"Kocha, usituletee. Huyu akitoka, watasema tulishinda watu wasiokuwa uwanjani." Akamgeukia Naserian. "Ama unaogopa nikupige mpira ya uso?"

Naserian akamtazama kidogo. "Wewe fungua hiyo mtoto ukuje," akasema, akavaa jezi.

Mimi nilitolewa kwenye benchi na Parsaloi. Alinifukuza kwa adabu, "Mwalimu, tafadhali, kaa mbali kidogo na vyombo vya umeme," na nilipoketi kando ya ua, bibi akanijia na kile kitoto, akakiweka mapajani mwangu. "Shika," akasema. "Si wewe ndiye unajua mambo ya mama?"

Kwa hiyo fainali ya kwanza na ya pekee ya maisha yangu ya ukocha niliitazama nikiwa yaya wa timu pinzani. Kila Mwikali aliporuka, kasichana kalipiga makofi kwenye kipara changu (kilikuwa kinaanza) na kupiga kelele, "Mama!" Na kila aliposema, watu walionizunguka waliitikia, "Mwaitu!" wakinionyesha mimi. Seti ya kwanza akademia, ya pili sisi, ya tatu wao, ya nne sisi. Hakuna aliyekuwa akiwaelekeza wasichana wangu. Naserian aliwaelekeza kwa macho. Mpira wa akademia, ule mzima usio na mgongo, ulikuwa ukimtii kama mbwa.

Seti ya tano, tukiwa mbele kwa pointi moja na tukihitaji moja tu, mpira ukamfikia Naserian karibu na wavu. Wote tulijua atauinua, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na upande wa pili walijua, na Mwikali akaruka kumzuia mpigaji wetu aliyesimama pembeni. Naserian hakuinua. Alisukuma kwa vidole viwili, polepole, mpira ukapita juu ya mkono wa Mwikali ukaanguka nyuma yake, kwenye vumbi, pasipokuwa na mtu.

Niliruka. Nilisahau nimebeba mtoto wa watu, naye kwa mshtuko, au kwa uzalendo, akanikojolea suruali yangu ya pekee ya kwenda mbele za watu. Kwa hiyo katika picha ya ushindi, ambayo ingali ukutani kwangu, nimesimama pembeni kabisa nikijifunika kwa kiondo cha bibi. Katikati yuko Naserian, na aliyemshika bega ni Mwikali, anacheka kama aliyeshinda yeye.

Kurudi, kwenye lori, wasichana walitunga wimbo wa mstari mmoja, kwamba mwalimu wetu ana mama wawili, namba tisa na nahodha, na wote wamemshinda. Wakauimba kutoka Kajiado hadi Kitengela, Naserian akiwaongoza. Nilijua hapo kwamba nimesamehewa, au nimeanza kusamehewa. Jumatatu alikuja mazoezini na mtoto wake, akanipa mimi, akaingia uwanjani bila kusema kitu. Nikamshika hadi jioni. Mkoani tulitolewa raundi ya kwanza, na sijali.

Bado naamini akademia na shule kama yetu hazianzii mstari mmoja, na nimeandika hivyo magazetini hadi wahariri wakachoka. Lakini siku ile sikutafuta haki kwenye basi wala kwenye uwanja wa saruji. Niliitafuta kwenye tumbo la mtoto wa mtu, nikakuta pana nahodha wangu.

Miaka ilipita, Naserian akanipigia simu. Mtoto wake, yule niliyemshika mazoezini, amekuwa mrefu, anainua mpira kama mamake, na akademia moja imemchukua kumsomesha bure. Ana mechi Kajiado, dhidi ya shule ya kutwa. "Uje, mwalimu," akasema, "lakini kipaza sauti hutapewa."

Nilikwenda. Nilijiuliza njia nzima nitashangilia upande gani. Nilipofika nikapitia mlango wa mbele, sikuzunguka nyuma ya basi la mtu yeyote, nikaketi, mikono nimeikalia. Msichana akaingia uwanjani, akaniona, akapunga mkono. Na mimi, mbele ya watu wote, kwa sauti yangu mwenyewe isiyohitaji umeme, nikamwita mama.