Wodi ya Titye Iliyobaki Karatasini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya miradi ya ujenzi iliyokuwa Kasulu na sasa haipo tena, Mhandisi Mkuu alinipa wembe kabla ya kunipa kalamu. Wachora ramani tulichora kwa wino juu ya tresingi, karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na ukikosea hufuti, unakwangua. "Mchoraji hujulikana kwa wembe wake," aliniambia. Nilidhani anazungumzia usafi wa kazi.

Nakala tulizitoa kwa mvuke wa amonia. Ulitutoa machozi mpaka watu wa masjala wakawa wanatupa pole ya msiba. Ninyi mnaobonyeza kitufe hamjui raha ya kukunjua nakala ile ingali na harufu kali, mistari ya buluu imetulia, nyumba imesimama kabla ya tofali la kwanza. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikipigwa na jua, mistari hufifia.

Katikati ya miaka ya tisini niliagizwa kuchora wodi ya wazazi ya kijiji cha Titye. Mhandisi Mkuu akataka na sura ya mbele, yenye maua na mama aliyebeba mtoto barazani. Nikauliza maua ya nini na saruji hatuna.

"Wewe chora," akasema. "Watu hawachangii msingi. Wanachangia picha."

Nakala yake tuliipeleka wenyewe, tukaibandika ukutani katika ofisi ya kijiji. Mama Bukuru, mkunga wa pale, alikuwa amempoteza bintiye juu ya baiskeli, njiani kwenda hospitali, mtoto angali tumboni. Hakujua kusoma ramani, nikamfundisha: mistari miwili ni ukuta, upinde mdogo ni mlango unavyofunguka. Akaingia kwa kidole mlangoni, akapita korido, akasimama kwenye kitanda cha pembeni.

"Hapa ndipo angelala," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mtaijenga?"

"Itajengwa, mama," Mhandisi Mkuu akajibu kabla sijafungua kinywa.

Wanawake wakafyatua tofali, wanaume wakakata kuni za tanuri. Tofali zikapangwa kando ya barabara, nyekundu, nzuri. Saruji haikuja, wala bati. Nilipouliza, Mhandisi Mkuu alinirudishia tresingi ile ile pamoja na wembe.

"Kwangua Titye, andika kijiji kingine. Nao wachome tofali. Wafadhili wakija waone wananchi wana ari."

"Na Titye, mzee?"

"Titye wameshachoma."

Nilikataa. Nikahamishiwa tawi la Kibondo, nikachora vyoo na maghala ya kambi za wakimbizi. Vyoo vile, sina budi kusema, vilijengwa vyote.

Siku moja ikaletwa tresingi tuitolee nakala. Niliitambua kwa mkono wangu mwenyewe. Penye jina la Titye pamekwanguliwa hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu yake pameandikwa kijiji cha huku. Yule mama bado yuko barazani na mtoto wake. Nilimwambia Msimamizi wa Tawi kwamba siitoi.

"Acha ubishi, bwana," akasema. "Karatasi haimuumi mtu."

Akaitoa mwenzangu. Neno hilo la karatasi nimelichukia mpaka leo.

Nilipostaafu, vijana waliniandalia soda na keki, wakaomba nasaha. Niliwaambia ramani ni ahadi, na mwenye kuichora ndiye ambaye watu huikumbuka sura yake, si aliyetia sahihi. Walipiga makofi kwa adabu wakarudi kwenye keki.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikwenda Titye. Zile tofali zilikwisha kuwa majiko ya watu. Mama Bukuru, sasa haoni vizuri, alinitambua kwa sauti, akanipa salamu ya asubuhi ya kwao.

"Mwakeye, mwanangu."

"Mwakeye, mama."

Akanishika mkono hadi ofisi ya kijiji. Ramani ilikuwa bado ukutani, jua la dirishani limeila mistari yote, imebaki nyeupe tupu. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliweka kidole juu ya weupe ule, akaingia, akapita korido, akasimama. Nilipatazama pale. Alikuwa kwenye kitanda cha pembeni, hajakosea hata kidogo.