Feni ya Bafuni na Kitenge cha Mama Mkwe

Ukiniuliza kazi yangu kwa haraka nitakwambia natengeneza feni. Ukiwa na nafasi ya kukaa nitakueleza vizuri zaidi: nabuni feni za kutoa moshi kwenye hita za maji zinazotumia gesi. Hapa Rumonge watu wakisikia hivyo hunitazama kwa huruma, kisha huniuliza kama naweza kuwatengenezea redio. Siwezi, na hata ningeweza nisingefanya.

Hita zenyewe hutufikia kwa barabara ya Nyanza-Lac, zikitokea Tanzania, na nyingi huishia kwenye nyumba za wageni zilizo kando ya ziwa. Aliyezitengeneza alidhani kila nyumba ina bomba refu la moshi, na kwamba upepo wa kila mahali una adabu. Upepo wetu hauna. Mchana ukishapinduka unatoka ziwani, unagonga mabati, unaingia kwenye bomba na kuurudisha moshi wote bafuni. Tena moshi wa gesi hauonekani wala haunuki. Anayeoga anasikia usingizi tu, na asipotolewa haamki. Kwetu kila mtu amewahi kusikia habari ya watu waliolala na mbabura, jiko la makaa, huku wamefunga dirisha. Sumu ni ile ile, ila hii haina jivu la kukukumbusha.

Ndiyo maana nabuni feni. Nakata mapanga ya feni kutoka bati la madebe ya mawese, nayapanga kwenye gurudumu, na gurudumu nalitia ndani ya nyumba ya bati iliyojikunja ambayo karakanani tunaiita konokono. Mota inakula betri ya sola, maana umeme wetu hukatika bila kuaga. Feni inafyonza hewa iliyoungua juu ya moto wa hita na kuisukuma nje kwa nguvu kuushinda upepo wa ziwa. Nazipenda feni zangu, sioni haya kusema. Kila moja naijua kwa sauti. Mke wangu husema laiti ningemsikiliza yeye kwa makini hivyo, angekuwa ameshanenepa.

Basi feni ya kwanza niliyofunga kwenye nyumba ya kuishi ilikuwa yake. Alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, na nilijua akijifungua mama yake atatoka Nyanza-Lac kuja kumkanda. Sisi Waswahili wa ukingo huu wa ziwa, mzazi hatumwachi ajiogeshe mwenyewe. Asubuhi na jioni, mpaka arobaini yake iishe, mama anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anamkandamiza tumboni, kiunoni na mgongoni, kisha anamfunga tumbo kwa kanga. Maji yanayotumika ni mengi. Nilikumbuka dada zangu walipokandwa, na mama yetu akilia machozi jikoni kwa kuni mbichi, nikaapa kwamba maji ya mke wangu yatatoka ukutani. Nikafunga hita bafuni, nikaweka feni juu yake, na chini karibu na mlango nikang'oa tofali moja. Tundu lile lilikuwa la hewa. Feni haiwezi kutoa hewa chumbani kama nyingine haiingii.

Mama mkwe alifika kwa basi dogo la asubuhi, na kuku mmoja na samaki wa mikeke wakavu, baada ya binti yake kujifungua salama mtoto wa kike. Ni mama mfupi, anatembea mkono mmoja ukiwa kiunoni, kama aliyesahau kuutoa. Mimi na yeye tulikuwa na heshima yetu. Akipita, nasimama. Nikila, anakaa chumba kingine. Akiwa na la kuniambia anamwambia binti yake huku mimi nipo, na mimi najibu kwa njia hiyo hiyo. Nilimpenda, lakini kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Jioni moja, siku za mwanzo mwanzo, nilikuwa uani nikinyoosha bati. Mtoto alikuwa amepakatwa na jirani yetu barazani. Bafuni nilisikia maji yakimwagwa, mke wangu akilalamika kwamba yanaunguza, na mama yake akimwambia anyamaze. Juu ya sauti zao feni ilikuwa ikinguruma vizuri. Halafu ikabadilika.

Watu wengi hudhani feni ikinyimwa hewa inachoka. Sivyo. Inakosa mzigo, kwa hiyo inakimbia zaidi, na sauti yake inapanda na kuwa nyembamba. Feni yangu ilikuwa ikilia kwa wembamba kiasi kwamba meno yaliniuma. Nikajua tundu limezibwa.

Nikaenda mlangoni. "Mama, fungueni mlango!"

"Tuko tunakanda huku!" Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu moja kwa moja, na sauti yake ilikuwa nzito, ikijikokota. "Weye mwanaume, toka apo!"

Nikamwita mke wangu. Hakuitika. Kisha nikasikia ndoo ikianguka, na hakuna aliyeshtuka.

Nikavunja mlango. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba nusu, mdomo wazi. Mama yake alikuwa chini, na kanga ya kuogea kifuani, akijaribu kuinuka bila kuweza. Moto wa hita, ambao siku zote ni wa buluu, ulikuwa umegeuka manjano. Kwenye tundu langu la hewa palikuwa na kitenge, kimekunjwa vizuri na kushindiliwa kwa ustadi, wala hakukubaki mwanya. Nikafunga gesi. Nikambeba mke wangu mpaka uani, nikarudi nikamshika mama mkwe makwapani na kumburuta nje, jambo ambalo mkwe mwenye heshima zake hata kulisimulia hasimulii.

Upepo wa ziwa, adui yangu wa kila siku, ndio uliowaamsha. Walitapika, wakashika vichwa, tukawapeleka hospitali wakavutishwa oksijeni. Pale kitandani maneno ya kwanza ya mama mkwe hayakuwa kuhusu kifo. Alimgeukia binti yake.

"Bwana yako aliingia," akasema. "Ameniona na kanga ya kuoga."

Akajifunika shuka mpaka kichwani. Toka hapo hakunisemesha tena, hata kwa kupitia binti yake.

Nami nina hasira za karibu. Tuliporudi nyumbani nilimwagia mke wangu maneno yote. Tofali lile nililing'oa makusudi! Nani anaziba tundu la hewa kwa kitenge? Amwambie mama yake kwamba wangekufa wote wawili, na mtoto abaki na mimi na madebe! Mke wangu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akanieleza kitu ambacho hakuwahi kuniambia.

Mama yake alimzaa mtoto wake wa kwanza ukimbizini Tanzania. Hakukuwa na bafu, alikandwa nyuma ya ua wa majani, na upepo ukipita kila upande. Toka siku zile mgongo wake haukunyooka tena. Kwa imani yake upepo ulimwingia wakati mwili uko wazi, ukakaa humo mpaka leo.

"Moshi hauogopi," mke wangu akasema. "Moshi hajawahi kuuona. Upepo anaujua."

Hata hivyo sikukubali kushindwa. Kukanda kulikuwa hakujaisha, na mama mkwe hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Nikaingia karakanani, nikatengeneza kitu ninachokipenda mpaka leo: jani dogo la bati, jepesi, linaloning'inia ndani ya bomba la moshi na kushikana kwa waya na koki ya gesi. Hewa ikitoka vizuri, jani linainuliwa na gesi inabaki wazi. Hewa ikipungua, jani linaanguka na gesi inajifunga. Mtu hawezi kufa. Atapata maji ya baridi tu.

Nilipolifunga nilimwomba mke wangu amweleze mama yake, na akamweleza. Kesho yake asubuhi sauti ya feni ikapanda, jani likaanguka, moto ukazimika.

"Iyi mashini iko na roho mubaya!" nikasikia kutoka bafuni. "Maji imepoa! Mutoto wangu atakufa na baridi!"

"Mama, toa kitenge," mke wangu akasema.

"Sitoe."

Wakamalizia na maji yaliyochemshwa kwa kuni jikoni. Jioni ikawa vile vile. Mimi uani najifanya nanyoosha bati, yeye ndani anashindilia kitenge, katikati yetu jani la bati linaanguka na kuinuka. Mke wangu alituchoka wote wawili. Alisema amezaa mtoto mmoja lakini analea watatu.

Kisha siku moja moto haukuzimika. Feni ilinguruma kwa sauti yake ya kawaida tangu mwanzo wa kukanda mpaka mwisho. Mara moja tu ilitetereka kidogo, ikatulia. Jioni ikawa hivyo hivyo, na kesho yake pia. Nilijisikia mshindi. Nilitembea nyumba nzima nikipiga mluzi, na mke wangu alipotoka amefungwa tumbo, ananukia majani ya kukandia, nikamwuliza kama mama yake hatimaye ameelewa mashine.

Hakucheka. "Kitenge hakipo," akasema. "Mama ndiye yupo."

Sikuelewa.

"Anaweka kigoda chake mbele ya tundu, anakaa ameligeuzia mgongo. Akilisogelea sana, moto unazimika. Akiachia nafasi kidogo, unawaka. Ameshaijua nafasi yake. Upepo wote unampiga yeye, mimi haunifikii."

"Na mgongo wake?"

"Usiku anajigeuza kama mtu anayechomwa. Nikimwambia, ananikataza nisikwambie."

Mluzi uliishia hapo. Nilikwenda karakanani nikakaa kati ya mapanga na mota, nikamwona mawazoni yule mama mfupi ameinama mbele ya binti yake, kitambaa cha moto mkononi, upepo wa ziwa ukimwingia palepale ulipomwingia zamani. Nililia, nakiri, na nilifurahi kwamba mashine ya kukamua mawese ya jirani ilikuwa inapiga kelele.

Nilianza upya mchoro mzima. Mpaka hapo nilikuwa nikiuliza moshi utatokaje. Sasa nikauliza moto utapata wapi hewa yake bila kumwomba anayeoga. Nikaitengenezea hita sanduku la bati la kuufunika moto wote, nikalipa mabomba mawili yanayotoboa ukuta: moja linavuta hewa safi kutoka nje moja kwa moja mpaka kwenye moto, jingine linatoa moshi kwa nguvu ya feni. Chumba hakichangii chochote. La kwanza lilivuja kwenye kona. La pili liliwaka vizuri mpaka upepo wa mchana ulipokuja ukaupuliza moto kwa kupitia bomba la hewa, nikageuza mdomo wake uangalie chini. Nililijaribu kwa moshi wa ubani, nikafunga mlango na kuziba kila mwanya, nikakaa humo mwenyewe mpaka nikatosheka. Mke wangu alisimama mlangoni akisema nikifa hatanisamehe.

Halafu nikachanganya saruji, nikaliziba tundu la tofali kwa mkono wangu.

Jioni ile wakaingia kukanda. Mimi nilikuwa uani, safari hii bila bati. Nikasikia kigoda kikiburutwa mpaka mahali pake pa siku zote, kisha kimya. Nadhani alikuwa anapapasa ukuta. Maji yakamwagika, moto ukawaka, feni ikanguruma. Kigoda kikaburutwa tena, polepole, mbali na mlango.

"Mwanangu," akaita.

Nilidhani anamwita binti yake, nikatulia.

"Nakuita weye. Uko apo inje?"

"Niko, Mama."

"Upepo haiko."

"Haupo, Mama. Nimeuziba."

"Na moto iko inawaka."

"Unawaka."

Nikasikia akikamua kitambaa, na mke wangu akigumia kwa joto.

"Ukae apo," mama mkwe akasema. "Mimi sijue sauti ya iyo feni. Weye unisikilizie."

Nikakaa chini, nikauegemeza mgongo wangu kwenye saruji ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, nikamsikilizia mpaka akamaliza.