Waya Nisiouona

Mimi niliacha shule darasa la tano, nikajenga nyumba tatu Migori kwa kazi ya stima, kufunga umeme, kwa hiyo hata mwaka ule wa 1996 nilijua hakuna waya wa kunishangaza.

Mwalimu Achieng, mtafiti aliyepanga chumba changu cha Homa Bay, akanionyesha kipande cha kioo. "Hapo kuna waya mwembamba kuliko unywele, mzee. Nimeutengeneza miezi miwili. Ukipata joto upande mmoja unatoa stima kidogo, nami naipima kwa mita hii."

"Nauona," nikasema. Sikuona kitu.

Alipotoka kidogo, niliinama juu ya kioo kile. Mshale wa mita ukacheza. Nikasogea, ukapanda. Ziwa lilimetameta dirishani, nami nikaziona akilini nyumba zote hadi mji wa Sindo zikiwaka taa taratibu kwa nguvu za kifua changu. Nikaita wapangaji wengine. "Waya wa mwalimu unanitambua. Tazameni." Nikapuliza kwa nguvu. Mshale ukalala.

Achieng akarudi, akachungulia kwenye hadubini. "Jaduong', mzee wangu, ulikuwa unaupasha joto kwa pumzi. Sasa umekatika."

"Kumbe stima ya mdomo," mpangaji mmoja akasema, wakacheka wote.

Nililipa shilingi elfu sita mia nne na hamsini kwa waya nisiouona.