Nilimtetea Zerubabeli Kanisani, Sasa Mwanangu Hanipi Shikamoo

Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili, nipo Mkonze tangu pakiwa pori la kuchungia. Nimezika wake wawili na kaka zangu wote. Wachungaji walionibatizia watoto wamekwisha, mimi nipo, na mtama nalima mwenyewe. Jina langu lifichwe, si kwamba naogopa mtu, ni kwa ajili ya huyo nitakayemtaja. Yeye nitamwita Yona, si jina lake.

Shule sikuingia. Herufi nilizipata kwenye elimu ya watu wazima, lakini Biblia nimeimaliza mara tatu, kwa kidole, pamoja na yale majina ambayo wenye digrii wanayaruka. Kwa majina hapa kwetu hakuna anayeniweza. Nitajie mtu, nakupa baba yake na babu yake kabla hujafunga mdomo.

Sasa Jumatano moja tulikuwa kwenye mafundisho. Mwinjilisti wetu mpya anasomea kwenye simu, akifika kwenye ukoo wa mtu anasema "na wengineo". Inatia kinyaa. Siku hiyo akasoma kwa Ezra, Zerubabeli mwana wa Shealtieli. Nikanyoosha mkono.

"Mwinjilisti, kwenye Nyakati huyo ni mwana wa Pedaya. Na Pedaya na Shealtieli ni ndugu, baba yao mmoja. Tueleze."

Akatabasamu. "Babu, hayo majina yasikusumbue, hayampeleki mtu mbinguni."

Mama mmoja wa kwaya akadakia, "Labda alikuwa anakula kwa Pedaya, analala kwa Shealtieli." Kanisa zima likacheka, na mwinjilisti naye anacheka, kitabu chenyewe hajakisoma.

Nikasimama, nikasema, "Mnacheka kitu kilichomo nyumbani kwangu. Yona mnayemjua, mwana wa marehemu kaka yangu, nimemzaa mimi. Kaka alikufa bila mtoto, nikaingia nyumba yake, jina lake lisipotee. Ukiandika Yona ni mwana wa kaka, ni kweli. Ukiandika ni mwana wangu, ni kweli. Zerubabeli ndiye huyo, hakuna aliyekosea kuandika."

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Niwaeleze vizuri. Sisi Wagogo zamani kurithi mjane wa ndugu yako halikuwa jambo la kuficha. Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lilikataza. Ningetengwa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema marehemu aliacha mimba. Waliojua kuhesabu miezi wakanyamaza, na wote wamekufa wamenyamaza. Yona amenililia kama mtoto, ameniuguza kama baba, na miaka yote hiyo ananiita baba mdogo.

Kesho yake akaja kutoka Miyuji, anakochomelea mageti. Ile miwani ya kuchomelea iko bado shingoni. Hakunipa shikamoo. Tangu aanze kuongea haijawahi kutokea.

"Umesema nini kanisani?"

"Nilikuwa naeleza Maandiko."

"Kwa hiyo mimi ni mfano wa Maandiko?"

Nikamwambia akae, hakukaa.

"Kila mwaka nafyeka kaburi la baba," akasema. "Mwanangu wa kwanza nimempa jina lake. Leo kijiweni wananiita Zerubabeli. Mtu anakuja kuchukua geti lake anauliza, Zerubabeli yupo?"

"Wajinga hao, hata hawajui kulitamka."

"Baba mdogo, sikiliza. Mwezi ujao wanakuja watu kumposa binti yangu. Jumapili kasimame kanisani, sema uzee ulikuchanganya. Usiposema, siku hiyo usije. Pale pa babu atakaa mjomba wangu."

Mimi nichanganyikiwe. Mimi ninayejua wana wa Yakobo na mama zao. Nikamjibu kwamba kichwa changu ni kizima kuliko cha mwinjilisti wake, akawasha pikipiki akaondoka.

Huyo mwinjilisti naye alikuja, na soda mbili. Akanishika bega, akasema amecheki kwenye simu, kumbe Pedaya yumo kweli. Halafu akaniambia nitubu hadharani dhambi ya kurithi mjane, eti itawajenga vijana. Soda yake sikuigusa. Mtu anakuvunjia nyumba, anarudi kuokota kuni.

Lakini nitasema lote. Kinachonichefua kuliko mwinjilisti ni kwamba niliposimama pale sikumfikiria Yona hata kidogo. Nilimfikiria Shealtieli. Nilitaka kushinda. Nikiukumbuka mdomo wangu ulivyokuwa unafurahi, natamani kutema mate.

Sasa ninyi mnaosoma nipeni shauri. Nikisimama Jumapili niseme nilichanganyikiwa, nimesema uongo madhabahuni, na kuanzia hapo nitakuwa babu aliyeoza kichwa, hata nikisema mvua inakuja wataanika mtama. Nisiposimama, binti wa Yona ataposwa mimi nimekaa Mkonze nasikia kwa watu. Nishike lipi? Msiniambie niombe, kuomba naomba.

Na kama kuna anayedhani nimetunga, aliyebaki wa kuthibitisha ni mmoja, mama yake Yona. Anakaa kwa Yona, macho yamekwisha lakini akili anayo yote. Nilimtuma binti yangu akamwombe aseme kweli mbele ya mwanawe. Binti akarudi na jibu hili: "Mwambie shemeji, mtoto ni wa yule aliyenitolea ng'ombe. Sheria hiyo anaijua, ndiye aliyewaswaga ng'ombe wa kaka yake mpaka kwetu."

Huyo ndiye shahidi wangu, na tangu nimjue hajawahi kusema uongo.