Mlinzi wa Michi ya Mawe

Sanduku la mawe husomwa kama ukurasa wa kitabu. Unaanza juu kushoto, unakwenda kulia, kisha unarudi kushoto mstari wa chini yake. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa Masanduku siku alipoajiriwa kwenye ghala la kilimani, na alicheka moyoni, maana alidhani habari za kusoma alikwisha kuagana nazo darasa la saba.

Jina hilo la Masanduku alibandikwa na wenzake kazini, likamganda kama kupe, hata mkewe akawa analitumia akiwa amekasirika. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia alijibu, ukinyamaza alishukuru. Kazi ya ghalani ilimkaa vizuri, kwa sababu mawe hayaulizi maswali.

Kule juu ya kilima mashine ilikuwa ikichoronga ardhi mchana kutwa na kutoa mwamba katika vipande vya mviringo, vyembamba na virefu kama mchi wa kutwangia. Wafanyakazi wakaviita michi. Michi ilishushwa ghalani ikiwa imelala ndani ya masanduku ya mbao yenye mifereji mitano, na kila baada ya mita tatu, kati ya kipande na kipande, palikuwa na kibao kidogo chenye namba ya rangi nyekundu: ishirini na moja, ishirini na nne, ishirini na saba. Namba hiyo ndiyo kina ambako jiwe lilitolewa. Masanduku aliyapokea, akayapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, akahakikisha hakuna kipande kilichogeuzwa kichwa chini miguu juu, kisha akayapandisha kwenye rafu. Mashimo yalikuwa kumi na manne, na masanduku yalipita mia sita. Ungemtajia shimo na mita, angekuletea sanduku lake kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mkuu wake alikuwa mtaalamu wa miamba, mwanamke mwembamba wa kofia ya turubai ambaye kila mtu alimwita Mama Mawe. Huyu alikuwa na tabia moja iliyowachekesha vibarua: kabla ya kulichunguza jiwe, alililamba kwanza, lipate unyevu na rangi zake zionekane. Siku moja Masanduku alijikuta amesema, "Mama, chumvi imekolea?" Mama Mawe alicheka hadi akakaa chini. Masanduku aliona aibu wiki nzima, lakini tangu siku ile wakawa watu wa kuzungumza.

"Unajua tunatafuta nini humu?" mama alimuuliza.

"Dhahabu."

"Dhahabu! Kila mtu dhahabu." Mama akatoa simu yake mfukoni. "Humu ndani mna sumaku ndogo, haifiki hata kucha yako. Ndiyo inayonifanya nimsikie mwanangu akiniomba nauli. Magari ya umeme yana sumaku za namna hiyo, kubwa zaidi. Mitambo mingi ya upepo nayo hivyo hivyo. Na sumaku hizo hazitengenezwi bila madini haya wanayoyaita adimu."

"Kumbe ni adimu kweli?"

"Jina tu. Yapo sehemu nyingi. Shida ni kwamba yameshikamana, yako kumi na saba, kama watoto mapacha ambao hata mama yao anawachanganya. Kuyatenganisha ndiko kwenye kazi, na kuna nchi moja kubwa ya mbali iliyojifunza kazi hiyo kuliko wengine wote. Ikifungua bomba, bei inaanguka. Ikilifunga, dunia nzima inapiga mayowe. Na sisi huku tunachoronga huku tumelitegea sikio hilo bomba."

Kisha akampa jiwe alishike, kipande cha manjano kutoka shimo la tisa. Sehemu ya juu ya shimo hilo, kati ya mita kumi na nane na arobaini, mwamba ulikuwa umeoza, laini kama biskuti iliyonyeshewa. Huko ndiko madini yalikojaa kuliko popote kilimani.

"Kikamate taratibu," mama alisema. "Jiwe nikijua limetoka kina gani, ni ushahidi. Nisipojua, ni kokoto."

Mwaka uliofuata bomba lilifunguliwa. Bei ya madini ilishuka miezi mitatu mfululizo, wenye fedha wakakunja mikeka yao, mashine ikapakiwa kwenye lori. Mama Mawe alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimwandikia Masanduku namba yake ya simu kwenye karatasi, tarakimu kubwa kubwa.

"Bei hulala, halafu huamka," alisema. "Itachukua miaka, lakini tutarudi, na tukirudi tutaanzia kwenye masanduku haya. Chochote kikitaka kuyagusa, nipigie. Hata kama ni mchwa."

"Sawa, mama."

Mshahara ulikuja miaka miwili, kisha ukakatika kimya kimya. Masanduku aliendelea kupanda kilima kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Alifagia, alipiga mchwa vita, aliziba matundu ya bati. Mkewe alimtania mbele ya majirani: "Mzee, mawe yana miguu? Unaogopa yatatoroka?" Yeye alitabasamu akatazama pembeni. Kumpigia simu Mama Mawe hakumpigia hata mara moja. Aliona kwamba akipiga, hata kama ni kwa salamu tu, mama atadhani anadai mshahara wake, na hilo lingemfanya azame ardhini.

Mwaka wa nane alikuja kaka yake. Kaka huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo chini ya kilima, na ndiye aliyemlea Masanduku baada ya baba yao kufariki. Alimvalisha, akampeleka shule, akamwozesha. Alisimama katikati ya ghala mikono kiunoni, akatazama rafu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mbao hizi ni nzuri," alisema.

"Ni masanduku, kaka."

"Macho ninayo, mdogo wangu. Nasema mbao zake. Nina madarasa mawili ambayo watoto wanakaa chini kwenye sakafu, daftari juu ya goti. Wanaandika kama kuku anaparua. Wenye mali hii wako wapi?"

"Watarudi."

"Miaka sita hawajakutumia hata salamu! Mume aliyetoroka hutuma salamu, japo za uongo." Kaka akamshika bega. "Sikwambii utupe mawe. Mawe yabaki hapahapa, hakuna atakayeyagusa. Mimi nataka mbao tu. Au na hilo hapana?"

Masanduku alitaka kusema hapana. Alisema, "Nipe siku mbili, kaka."

Siku ya pili alipanda hadi kwenye mwinuko ambako simu hushika mtandao, akakunjua karatasi ya Mama Mawe. Alibonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Alisimama hapo, kidole hewani, akiwaza atakavyoanza. Mama, shikamoo, ni mimi. Halafu mama angeuliza, vipi, unaendeleaje, na jibu lolote kwa swali hilo lingekuwa na mshahara ndani yake. Akazima simu, akashuka.

Kazi ya kutoa mawe aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa heshima yote. Hakutaka fundi seremala aguse kitu. Kila shimo alilitengea fungu lake sakafuni, na ukutani juu ya kila fungu akaandika namba ya shimo kwa chaki. Vibao vya kina alivitia kwenye gunia moja. Hakikupotea hata kimoja. Alijiambia kwamba mawe ni yaleyale, ghala ni lilelile, na kila shimo liko peke yake. Moyo wa mtu, akiutaka, humtetea kuliko wakili. Lakini alipopindua sanduku la kwanza la shimo la tisa, michi ile ya manjano haikuanguka vipande. Ilimwagika kama unga, vumbi likampanda puani, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Hapo akayakumbuka maneno ya Mama Mawe kuhusu ushahidi na kokoto, yote, kama yalivyosemwa. Nje fundi alikuwa anapiga mluzi na nyundo mkononi, akingoja. Masanduku akalipindua la pili.

Madawati yalitoka arobaini na mawili. Katika mkutano wa wazazi watu walimpigia makofi, naye aliangalia viatu vyake.

Miaka mitatu ikapita, na redio ikaanza kusema kwamba ile nchi kubwa imelibana bomba. Viwanda vya magari vilikuwa vinalia, sumaku zimeadimika, wanunuzi wanahangaika kutafuta kwingine. Masanduku aliisikia habari hiyo akiwa anapiga mswaki, na mswaki ukabaki mdomoni. Wiki ya pili yake gari likapanda kilimani.

Mama Mawe alikuwa amejaa mvi, lakini kofia ilikuwa ya turubai bado. Alimkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilijua nitakukuta!" alisema. "Sikiliza. Wenye fedha wana vilima viwili vilivyochorongwa zamani, hiki na kile cha ng'ambo ya mto, na mwezi huu wanachagua kimoja. Majibu ya maabara ya zamani ninayo, lakini hawaamini karatasi, wanataka kupima upya kutoka kwenye jiwe lenyewe. Nimewaambia ushahidi wangu uko ghalani, na una mlinzi. Shimo la tisa likipimwa, kazi itakuja hapa. Barabara, ajira, yote."

Masanduku alifungua mlango.

Mama aliingia hatua nne akasimama. Rafu zilikuwa tupu. Mafungu kumi na manne ya mawe yalikuwa sakafuni, yamefagiliwa vizuri kandokando.

"Masanduku yako wapi?"

"Michi ipo yote, mama. Hakuna kipande kilichotoka humu. Kila shimo nimelitenga."

"Na vibao?"

Alimletea gunia. Mama alitia mkono ndani akatoa kibao kimoja: ishirini na nne. Akatoa kingine: mia moja na tano. Akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Vyote vipo," alisema.

"Vyote, mama."

Hakumgombeza. Alivua kofia, akapiga magoti, akasema, "Basi tujaribu."

Walijaribu siku nne. Jiwe lililovunjika lina kovu, na kovu lina mwenzake. Walitafuta kipande kwa kipande, kama watu wanaounga chungu. Masanduku alikuwa hodari kuliko mama. Aliyajua mawe yale kwa madoa yao, akaunga vipande vigumu vya chini hadi wakapata mita kumi na moja zilizofuatana bila shaka yoyote. Lakini fungu la shimo la tisa lilikuwa na mlima wa vumbi la manjano, na vumbi halina kovu. Mita ya kumi na nane na mita ya arobaini zilikuwa zimelala kitanda kimoja, na hapakuwa na mtu duniani wa kuzitenganisha.

Jioni ya siku ya nne mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa nini hukunipigia?"

Masanduku alikuwa akiogopa swali hilo tangu mlango ulipofunguliwa. "Niliona haya, mama. Mshahara ulikuwa umekatika. Nilidhani utaona nadai."

Mama alisugua vumbi viganjani.

"Mimi nami namba yako nilikuwa nayo," alisema mwishowe. "Kila mwaka mpya nilitaka kukupigia nikujulie hali. Nikaona haya. Kwa mshahara huohuo."

Kuchoronga upya kungechukua mwaka, na wanunuzi hawakuwa na mwaka. Nani ajuaye bomba litafunguliwa lini. Mama alieleza kwamba kule ng'ambo ya mto mlinzi alikimbia mwaka wa kwanza tu. Mlango ulikwama kwa kutu, hakuna aliyejisumbua kuufungua, na masanduku yote yalikutwa kwenye rafu yakiwa na kinyesi cha popo juu. Alilisema hilo bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma hali ya hewa, lakini Masanduku alilisikia mpaka mifupani.

Malori yalipoanza kupita kwenda ng'ambo, kaka alimwita. Alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Walikaa ofisini kwake, mchana, wanafunzi wameshakwenda nyumbani.

"Mdogo wangu, kwani hapa kwetu walikosa nini?"

Safari hii Masanduku alikuwa amejipanga. Alieleza yote kuanzia mwanzo: kina, vibao, vumbi la manjano, simu ambayo hakuimalizia. Alizungumza mfululizo kuliko alivyowahi kuzungumza mbele ya kaka yake, na kaka alisikiliza huku amevua miwani.

"Ulijua haya yote siku nilipokuja ghalani?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Wewe ndiye uliyenilea, kaka. Ningekukatalia vipi?"

Mwalimu mkuu aliifuta miwani kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa chafu.

"Ungesema hapana," alisema. "Ningenuna wiki moja. Halafu ningekwenda kumwomba yule mwenye karakana ya mbao, kama nilivyofanya kwa madirisha."

Masanduku alitikisa kichwa, akakubali. Wakaendelea kukaa, hakuna aliyeinuka wa kwanza, na barabarani lori jingine likapita.