Siku Niliyomkatiza Mama

Mafinga ya utoto wangu ilinukia mbao mbichi za misonobari. Harufu hiyo ilitufuata mimi na mama hadi posta, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika miaka ile ya sabini kaka Lameck alipokuwa kibarua Uyole. Alitupigia saa nne asubuhi. Mama aliugua homa kali nikiwa mchanga, ikamwachia uhai ikachukua masikio. Kusema aliweza, kusikia hakuweza. Kwa hiyo simu ile tuliigawana: yeye alisema, kisha mimi nilisikiliza na kumrudishia maneno ya kaka taratibu, akiyasoma mdomoni mwangu.

Shida ilikuwa sauti yake. Hakujua inavyotoka, basi aliipaza hadi posta nzima ikageuka. "Kamwene, hujambo mwanangu! Unakula? Blanketi unalo?" Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku moja nyuma yetu walisimama wasichana wawili wa darasa langu. Wakaanza kumwigiza. Mama hakujua, alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Sikiliza, kuna jambo..." Nikamnyang'anya mkonga wa simu.

"Mama hajambo," nikasema upesi.

"Mrudishie simu, Tumaini. Wiki hii nimeumwa. Mwache aongee tu, nimsikie."

"Anasemaje?" mama akauliza, macho yake mdomoni mwangu.

"Imekatika," nikamwambia, nikaurudisha mkonga mahali pake huku kaka akiniita.

Mama aliniamini. Njiani nilimuuliza alitaka kusema nini, akacheka, akasema atamwambia mwenyewe mwezi ujao. Kabla mwezi huo haujafika, baridi ya Julai ilimletea mama nimonia. Kaka aliwahi matanga tu.

Siku hizi kaka mwenyewe anavaa kifaa cha kusikia. Yeye yuko Mbeya, mimi Iringa, lakini kwenye simu tunaonana uso kwa uso, na nikisema haraka hunizuia kwa mkono. Wajukuu wanamrekodia sauti zao, naye anazirudia apendavyo. Ya mama hatuna hata neno moja. Mwaka jana ndipo nilipomwambia kweli. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Sasa mama alitaka kuniambia nini?" Nikakosa jibu. Naye akaanza kukigusagusa kile kifaa sikioni, akidhani ndicho kilichoshindwa kunisikia.